Maana ya "Wind Down"



Nimetakiwa niseme juu ya maneno mawili ya Kiingereza, "wind down", ambayo karani asipoyaangalia yaweza kumharibia tafsiri nzima.

Kwanza matamshi. Herufi za neno la kwanza ndizo zile zile zinazoandika upepo kwa Kiingereza, na sisi wa Dodoma upepo twaujua bila ya kufundishwa. Lakini hapa hutamkwa "waind", yaani kuzungusha, kama kutia saa ufunguo. Kamani ikikazwa, saa huenda. Ikilegea kidogo kidogo, saa hupunguza mwendo hata ikasimama.

Basi mtu atokaye kazini jioni akalitumia neno hili, maana yake kamani yake yalegea. Kusema "anapumzika" si kosa, ila ni pana mno: hata mwenye homa kitandani hupumzika. Neno letu lililo karibu zaidi ni kubarizi: kukaa barazani kupunga hewa, fikira za ofisi zikiondoka moja moja. Tofauti ni kwamba kubarizi hutaka watu, na Mwingereza aweza kulifanya jambo lake peke yake na kitabu. Wala msilichanganye na "calm down", aambiwalo mwenye hasira. Ukimwambia mkubwa wako hivyo, umemvunjia heshima.

Hatari iko mahali pengine. Neno hilo likisemwa juu ya kazi au kampuni, hakuna anayepumzika: kazi yafungwa polepole. Tazameni Kongwa, mashariki ya hapa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori walime karanga, nao walikusudia ekari zaidi ya milioni 3. Mvua ilikuwa haba, ardhi ikakauka ikawa ngumu, mitambo ikaharibika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na paundi zaidi ya milioni 30 zimekwisha potea. Kiingereza cha ofisi chaweza kueleza mwisho wa namna ile kwa maneno yetu haya mawili, tena kwa upole.

Sasa fikirini karani aliyepewa barua ya namna hiyo awasomee vibarua. Akisema "kazi itapumzika", mtu atakwenda kwao Kondoa akae akingoja kuitwa, asidai mshahara uliosalia wala nauli. Atakaporudi, hatamkuta wa kumdai. Akisema "kazi itapunguzwa mpaka ifungwe", mtu yule atadai haki yake siku ile ile.

Mimi huangalia nani atajwaye. Akiwa mtu, naandika kubarizi au kupumzika. Ikiwa kampuni, idara au mradi, naandika kufunga, hata kama aliyeandika barua angependa neno laini zaidi.

Yuko mwanachama aliyeniuliza juu ya "stand down". Hilo nalo lina shauri lake, na kwa ruhusa yako, Bwana Mwenyekiti, nitamjibu sasa.