Mama Mchungaji wa Masaki

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa wanafunzi wa zamani wa Minaki, mbele ya walimu na wanafunzi wa shule.)



Nilipoombwa niseme machache juu ya mtu aliyenifaa katika elimu yangu, bila shaka mlitazamia nimtaje mwalimu wa hesabu au kiranja wa bweni. Walimu wangu nawaheshimu, na baadhi yao wamekaa hapa mbele. Lakini leo naomba ruhusa yenu nimzungumzie mwanamke ambaye hakufundisha hapa hata siku moja, na jina lake halimo katika kitabu chochote cha shule hii. Sisi watu wa Masaki tulimwita Mama Mchungaji.

Nikisema Masaki, vijana msije mkadhani ni ile ya Dar es Salaam yenye nyumba za mabalozi. Nasema Masaki ya hapa kwetu Kisarawe, ya mihogo, mikorosho na mananasi. Mimi ni mtoto wa huko, na ni Mwislamu, kama walivyo wengi katika Uzaramo. Mama Mchungaji alikuwa mke wa mchungaji wa Kilutheri. Wamisionari wa Berlin walifika nchi hii ya Wazaramo mwishoni mwa karne ya 19, wakajenga Kisarawe na Maneromango, na tangu hapo misikiti na makanisa vimekaa jirani. Basi mtu asiniulize ilikuwaje mtoto wa madrasa akalelewa na mke wa mchungaji. Kwetu jambo hilo halikuwa ajabu.

Mwaka nilioitwa kuanza masomo hapa, mama yangu alikuwa mgonjwa kitandani na baba alikwisha kufariki. Barua ya shule ilitaka godoro, ndoo, jembe, fagio na sare. Nyumbani tulikuwa na jembe tu. Mama Mchungaji alikuja kumjulia hali mama, akaiona ile barua juu ya kinu. Aliisoma, akaikunja, akatoka bila kusema neno. Siku ya tatu alirudi na godoro la mwanawe, ndoo ya kanisani na shati alilolishona usiku kwa cherehani yake ya mkono. Akanisindikiza mwenyewe mpaka kwenye lango lile pale, fagio mkononi. Nilimwambia, "Mama, nitakulipa." Akanijibu, "Usinilipe mimi, baba. Mlipe atakayekuja na jembe tu."

Kazi yake ilikuwa nini hasa? Mshahara alikuwa nao mumewe, nao ulikuwa mdogo. Lakini mchungaji alipokwenda kutembelea mitaa, mlango uliobishwa usiku ulikuwa wa mkewe. Alifundisha watoto Jumapili, akakaa na akina mama siku za wiki, akaosha maiti za wanawake, akashona kanzu za kwaya, akalima, akapika kwa kila mgeni aliyeshuka kwenye gari. Mwezi wa Ramadhani alitupelekea mihogo ya kufuturu, na ng'ambo ya pili sikukuu ya Krismasi haikupita bila sahani ya pilau kutoka kwetu.

Alikuwa na daftari moja la misiba. Humo aliandika nani ametoa nini kila palipofiwa: fulani debe la mahindi, fulani mzigo wa kuni, fulani shilingi kadhaa. Halikuwa la kudai watu. Alisema kwamba mtu aliyekuletea kuni siku ya kilio chako, nawe ni lazima ujue siku ya kilio chake. Katika daftari hilo Waislamu na Wakristo walifuatana mstari kwa mstari, kama walivyofika.

Ndugu zangu, shule yetu ina deni la zamani kwa wanawake wa namna hii. Vijana, mnajua kwamba Minaki haikuanzia Minaki. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilikuwa Kiungani, Unguja, na ni katika miaka ya 1920 ndipo kilipohamia huku bara. Mwanzo wake ni watoto waliokombolewa utumwani. Watano wa kwanza walitolewa na Sultani Majid kwa Askofu Tozer mwaka 1864. Wavulana walisomeshwa Kiungani. Wasichana walisomeshwa Mbweni, katika shamba lililonunuliwa na misioni mwaka 1871, ambako Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 na kuongoza shule yao kwa miaka mingi.

Kati ya wavulana wa Kiungani alitoka Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mtoto. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, upande wa Masasi na Newala, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misioni ile kupewa upadre. Wanafunzi wa historia humtaja, na ni haki yake. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba hakuwa peke yake? Mkewe alikuwa Lucy Magombeani, msichana wa Mbweni.

Hebu mfikirie mama yule. Alikuwa mtoto wa shule ya Unguja, penye bahari na kengele za kanisa. Akaenda kukaa bara, katika nchi ambako miaka michache tu nyuma, mwaka 1882, Wangoni walikuwa wameivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua watu. Hapakuwa na daktari wala duka la karibu. Na mtu aliyepata kuona utumwa anajua maana ya kurudi bara, karibu na njia zile zile walikopitishwa mateka kwenda pwani. Katika nchi hiyo alikuwa mke wa padre mpaka mwaka 1897, waliporudi Unguja. Kanisa la Chitangali likakua, na chifu wa pale, Barnaba Nakaam, alikuwa Mkristo. Katika uzao wa Cecil na Lucy alitoka John Ramadhani, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990.

Habari za Majaliwa zimeandikwa: lini alitumwa, lini aliwekewa mikono, askofu gani alimtembelea. Za Lucy ni chache. Je, uji wa wanafunzi wa Chitangali ulipikwa na nani? Wagonjwa walilala nyumbani kwa nani? Sina haja ya kubuni majibu. Nilimwona Mama Mchungaji wa Masaki, na hilo lanitosha kujua nyumba ya padre huendeshwaje.

Sasa niseme jambo ambalo si rahisi kulisema mbele ya vijana.

Mchungaji alipofariki, mama yule alihama nyumba ya kanisa, kwa sababu nyumba ni ya usharika na mchungaji mwingine alikuwa anakuja. Hakuna aliyevunja utaratibu. Lakini yeye na mumewe walikuwa wamefyeka shamba kijijini, wakapanda mikorosho, na shamba hilo halikuwa na hati. Ndugu wa marehemu wakaanza kulisemea. Mama akapanda gari mpaka ofisini kwangu mjini, mimi mtumishi wa Serikali mwenye kiti cha kuzunguka. Akaniambia, "Mwanangu, nisaidie kuandika maombi, nipate hati ya shamba kwa jina langu."

Nilijua la kufanya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayopokea maombi ya hakimiliki ya kimila. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja na safari moja ya Masaki. Nilimwambia, "Mama, wiki ijayo nitakuja." Ikaja bajeti, ikaja semina, ikaja safari ya Dodoma. Mara mbili alinipigia simu, na mara zote mbili aliniuliza kwanza habari za watoto wangu. Mwezi wa nane tangu siku ile nilipigiwa na bintiye. Mama Mchungaji alifariki katika chumba cha kupanga cha binti huyo mjini. Shamba lilikuwa limekwisha kugawanywa.

Tulimzika Masaki. Kaburi walichimba vijana wa msikitini pamoja na wa kanisani. Bintiye alinipa lile daftari nilitazame. Nilikuta jina la marehemu mama yangu, na chini yake orodha ya waliotoa siku ya msiba wetu. Yeye mwenyewe alikuwa ametoa sanda. Sikuwahi kujua.

Vijana, sikusimulia haya ili mnihurumie. Nataka mjue kwamba mtu aweza kusoma vizuri, akapata shahada, akaheshimika ofisini, na bado akashindwa kulipa deni la ndoo na godoro. Sikumchukia mama yule hata kidogo. Nilisema "wiki ijayo", basi.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuomba, Ndugu Mwenyekiti.

La kwanza, kila mwanafunzi aendapo likizo amwulize bibi au mama mmoja wa kijijini kwake habari za kazi alizofanya, aziandike kwa jina lake na miaka yake. Gazeti hili lipewe kurasa za kuzichapa.

La pili, sisi tulio maofisini tuwasaidie wake wa wachungaji, wa maimamu na wa walimu wa vijijini wajiwekee akiba kwa majina yao. Tangu mwaka 2018 watumishi wa umma tuko katika PSSSF, na NSSF huwapokea hata waliojiajiri. Mke wa mchungaji anayeuza korosho na mikeka anaweza kuwa mwanachama. Tumweleze leo, mumewe akiwa hai.

La tatu, najua kila mwaka huingia hapa mtoto mwenye jembe tu. Nimeleta godoro kumi na ndoo kumi, ziko kwa mwalimu wa malezi. Sizitoi kama msaada wangu. Ni malipo ya deni, na hayajatosha.

Mungu amrehemu Mama Mchungaji, na awarehemu wote waliotufikisha kwenye lango lile wakarudi nyumbani kwa miguu.