TUPANDE MBOGA ZINAZOWEZA KUNGOJA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Ukambani)



Tumeombwa tuseme juu ya bustani ya nyuma ya nyumba. Tutaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Kikundi chetu kiliwahi kukubaliana kila boma lipande sukuma wiki, kabeji na nyanya. Mvua ya Novemba ikanyesha, bustani zikapendeza, tukapigiana makofi. Kufika Februari mto ulikuwa mchanga mtupu. Kitalu cha mita 3 kwa mita 2 kilitaka mtungi mmoja wa lita 20 kila siku, na siku za jua kali zaidi ya hapo. Mwenye vitalu vinne alihitaji mitungi minne. Ni nani alikuwa akiibeba? Ni mama, na wasichana kabla ya kwenda shule.

Mama mmoja wetu akashikwa na malaria, akalala wiki mbili. Alipoamka, bustani ilikuwa imekauka yote. Akatuambia, "Mlinipa bustani ya mtu asiyeugua." Jamani, neno hilo lilituchoma. Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Sisi tulihesabu mbegu tu, hatukuhesabu mgongo wa mama.

Kwa hivyo tunawaomba, mkichagua cha kupanda, msifikirie ile wiki ya mvua. Fikirieni wiki mbaya kuliko zote, wiki ya ugonjwa, ya matanga, ya kisima kukauka. Ni mmea gani utawangoja?

Wa kwanza ni kunde, nthooko yetu. Kwa wiki tatu au nne majani yako tayari. Chuma machanga bila kung'oa shina, na usiyamalize, ndipo upate na mbegu baadaye. Kunde pia hurudisha nguvu udongoni.

Wa pili ni mbaazi, nzuu. Zipandwe kandokando ya ua mvua ya Oktoba ikianza. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji. Aina ya muda mrefu huvunwa katikati ya mwaka unaofuata, na ukiikata vizuri huchipuka tena. Majani yanayoanguka ni mbolea, na vijiti vikavu ni kuni.

Tatu ni terere na mgagani. Hizi huvumilia jua na huwa tayari kwa mwezi mmoja hivi. Mgagani ukikimbilia maua, kata ncha, nao utatoa matawi. Managu ni tamu pia, lakini hutaka maji zaidi, basi ikae mahali penye unyevu.

Nne ni malenge. Shina moja au mawili kando ya shimo la mbolea yatatambaa yenyewe. Majani ni mboga, na tunda gumu likikomaa hukaa nyumbani miezi kadhaa.

Hatusemi mtu ang'oe sukuma wiki, la! Bakisha mashina kumi hivi karibu na mahali pa kuoshea vyombo, yanywe maji ya kusuuza. Kitalu kichimbwe kiwe chini kidogo ya ardhi, maji yasikimbie, kisha kifunikwe kwa nyasi kavu. Na ua uwe imara. Kuku na mbuzi hawana habari na mipango ya kikundi.

Mbegu msinunue kila mwaka. Acha mashina mawili matatu yaliyo bora yakomae, ukaushe mbegu vizuri, uzichanganye na jivu safi lililokauka, uzifunge kwenye mkebe. Kila mwanachama akiweka kidogo, hakuna atakayeanza mikono mitupu.

Wengine wataona haya, waseme hiki ni chakula cha maskini. Wacha tuseme ukweli. Mwaka 2021 UNESCO iliweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri kwa dunia. Na kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kavu za nchi yetu, hata mimea hii iliteseka. Hakuna mmea unaoishi bila maji kabisa. Lakini penye mvua kidogo, kunde hukupa kitu na kabeji haikupi.

Kabla ya mvua ijayo, kila kikundi kifanye mwethya katika boma moja kwanza, boma la mgonjwa au la mjane. Bustani ikisimama pale bila kumchosha mwenyewe, itasimama kwetu sote.