Injini Inayokohoa Ikirudi Tupu

(Mazungumzo kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, alisema nichague jambo lolote ninalolijua vizuri, mradi nisizidishe nusu saa. Wenzangu waliopanda jukwaa hili miaka iliyopita walikuwa madaktari, wahasibu na maofisa. Mimi ni fundi magari. Gereji yangu iko Geita, chini ya mwembe na bati kumi na mbili, na ninalolijua vizuri ni ugonjwa wa injini unaokuja na kuondoka. Basi nitazungumza juu ya huo, na juu ya kijana mmoja aliyekaribia kulipishwa ng'ombe kwa sababu yake.

Wale mnaotoka upande wa machimbo mnajua jinsi pikapu ilivyo na kazi kule. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na una magari yake na mafundi wake. Lakini wachimbaji wadogo, kule Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na kwingineko, wanaishi kwa pikapu na pikipiki. Matimba ya kuzuia duara lisibomoke yanapelekwa kwa pikapu. Maji ya kunywa na ya kuoshea mchanga yanapelekwa kwa mapipa juu ya pikapu. Mawe yanapakiwa kwenye viroba kwenda karasha. Mgonjwa usiku naye anapakiwa humo humo. Na nyingi ya pikapu hizo ni za zamani, za kabureta na pointi, kwa sababu mtu anaweza kuzitengeneza kwa spana tatu na bisibisi moja mahali ambapo hakuna kompyuta ya kusoma injini.

Mama mmoja mfanyabiashara wa huko alikuwa na pikapu ya Toyota ya namna hiyo, ya petroli, silinda nne. Dereva wake alikuwa mtoto wa dada wa mumewe, kijana mpole wa miaka ishirini na kitu. Gari lilianza kumisi. Likienda machimboni na mapipa manne ya maji, na shemeji wa yule mama amekaa mbele kusimamia mzigo, lilikwenda vizuri bila neno. Likirudi tupu, kijana akiwa peke yake, lilikohoa, likajivuta, likatulia, likakohoa tena. Mara mbili lilizima kabisa njiani, akachelewa hadi usiku.

Ninyi wenyewe mnaona watu walifikiri nini. Shida inatokea akiwa peke yake tu. Ikasemwa kwamba anauza petroli njiani na kujaza mafuta ya taa badala yake. Neno la uchakachuaji wote mnalikumbuka. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwanasa waliokuwa wakichanganya, na kwa muda fulani kila gari lililokohoa nchini lilisemekana limenyweshwa mafuta ya taa. Mazoea hayo ya kusema hayajatutoka. Kikao cha ukoo kikaitishwa. Ilisemwa baba yake atoe ng'ombe wawili kufidia petroli na siku za kazi zilizopotea, naye kijana aondoke kwenye gari. Baba yake ana ng'ombe watano.

Wakati huo fedha nyingi zilikwisha kutumika. Walibadilisha plagi zote nne. Wakabadilisha waya za plagi, kisha koili, kisha kondensa. Kabureta ilifunguliwa ikaoshwa mara mbili. Na jambo la ajabu ni kwamba baada ya kila tengenezo gari lilikwenda vizuri siku mbili tatu, kila fundi akalipwa na kusifiwa, halafu ugonjwa ukarudi. Hiyo ilizidisha ubaya kwa kijana: gari limepona kwa fundi, likirudi mikononi mwake linaugua.

Lililetwa kwangu na yule mama mwenyewe, pamoja na kijana na shemeji. Baada ya shikamoo na marahaba, mama akaniambia mbele yao, "Fundi, mimi sitaki kifaa kipya. Nataka uniambie kama huyu mtoto ni mwizi."

Sikujibu hilo. Nilimwuliza kijana linakohoaje. Vijana, hapa ndipo pana kazi yenyewe, kwa hiyo mniwie radhi nikikawia kidogo.

Injini inayokosa petroli hufa kama mtu mwenye njaa. Nguvu zinapungua taratibu, ukikanyaga mafuta zinazidi kupungua, ukiachia zinarudi kidogo kidogo. Injini inayokosa moto wa umeme hukatika ghafla, kama taa iliyozimwa swichi, na kurudi ghafla vile vile. Kijana alinijibu kwamba linakatika ghafla. Akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemwuliza kabla: likianza kukohoa, akikanyaga sana linaacha.

Nilimwomba alirudie jambo hilo mara mbili, ili na wale wengine walisikie. Mafuta mabaya, chujio lililoziba, pampu iliyochoka, plagi chakavu, koili dhaifu: yote hayo huonyesha ubaya wake injini inapobeba mzigo. Plagi hupata taabu zaidi kurusha cheche pale silinda inapojaa hewa na petroli nyingi iliyobanwa. Gari lenye maradhi hayo hukohoa likipanda kilima na mapipa manne. Hili lilikuwa likikohoa likiwa tupu, kwenye tambarare, mguu umelegea. Ugonjwa ulikuwa umegeuka kichwa chini miguu juu, na ulimtetea kijana kabla sijafungua boneti.

Hata hivyo maneno hayatoshi mbele ya wakwe. Nilitoa petroli kidogo katika tenki, mbali na moto, nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, na tone jingine la mafuta ya taa pembeni yake. Tone la kwanza lilikauka upesi bila kuacha doa. La pili lilikaa na unyevu wake na doa lake. Nikafungua plagi: rangi yake ilikuwa ya kahawia hafifu, bila masizi. Injini inayolishwa mafuta ya taa huwa ngumu kuwaka asubuhi, hugonga ikibeba mzigo, na plagi zake huwa nyeusi. Hii ilikuwa ikiwaka mara moja. Shemeji aliichukua ile karatasi akainusa, kisha akaikunja na kuitia mfukoni. Sikumwuliza kwa nini.

Sasa umeme. Katika magari haya betri hupeleka umeme wa volti 12 kwenye koili. Kutoka koili umeme huo hushuka kwa waya mwembamba hadi kwenye pointi ndani ya distribyuta, na kupitia pointi huingia kwenye mwili wa injini. Pointi zikifunguka mkondo hukatika, na kukatika huko ndiko kunakozalisha ndani ya koili umeme wa maelfu mengi ya volti unaoruka kwenye plagi. Ni kanuni ile ile ya Faraday ya mwaka 1831 mnayofundishwa katika chumba kile pale. Na msidhani ni kazi ndogo: injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 6,000, yaani mara 100 kwa kila sekunde. Mwanya wake kwenye injini kama hiyo ni kiasi cha milimita 0.45.

Gari lilikuwa likikatika lote, si silinda moja. Kwa hiyo plagi na waya zake zilikuwa na haki yao tangu mwanzo, kwa maana kila moja huhudumia silinda moja tu, na nne haziugui kwa sekunde moja na kupona pamoja. Yalibaki yale yanayohudumia silinda zote: swichi, koili, pointi, kondensa, rota, na waya zinazoviunganisha. Koili na kondensa vilikuwa vipya na ugonjwa haukuondoka.

Nilifunga taa ndogo ya kupimia upande wa koili unaopokea umeme kutoka kwenye swichi. Upande wa pili, ule unaoshuka kwenye pointi, nilifunga mita ya mshale kama hizo zilizopo maabara hapa, nikaiweka kwenye kipimo cha volti 50. Waya zote mbili nikazivuta kupitia dirishani hadi ndani. Nikakaa kati, kijana akaendesha, mama akakaa mlangoni, shemeji nyuma kwenye bodi. Nilisema twende tupu.

Kilomita za kwanza mshale ulitulia karibu na 7. Hapo pointi zinafunga na kufungua, na mshale hauwezi kufuata mbio hizo, unasimama katikati. Tukafika kwenye tambarare, kijana akalegeza mguu. Gari likakohoa. Taa yangu haikupepesa hata kidogo, lakini mshale uliruka hadi 13, ukarudi. Likakohoa tena, ukaruka tena. Akakanyaga: 7, umetulia.

Taa inasema umeme unafika kwenye koili, basi swichi ni nzima. Mshale kuruka hadi volti zote za betri maana yake mkondo hauna njia ya kuteremka: mahali fulani kati ya koili na mwili wa injini njia imekatika. Huko kuna waya mmoja, pointi zenyewe, na sahani zinapokalia. Hakuna kingine. Mama aliuliza mshale unasema nini, nikamwambia unasema tugeuze turudi gereji.

Kwa nini mguu uliolegea? Pembeni mwa distribyuta kuna kopo dogo lenye ngozi ndani, lenye mpira uendao kwenye kabureta. Gari likienda kwa mguu mwepesi, injini hufyonza hewa kwa nguvu, ile ngozi huvutwa, nayo huizungusha sahani ya pointi kidogo ili cheche iwahi. Ukikanyaga sana mvuto hupungua na sahani hurudi. Kwa hiyo waya ule mwembamba ndani ya distribyuta unanyooshwa na kukunjwa siku nzima.

Niligeuza injini kwa mkono hadi pointi zikawa zimefunga barabara, ili mzunguko mdogo wa sahani usizifungue. Nikafungulia swichi. Mita ikaonyesha karibu na sifuri, kama ilivyopasa. Kisha nikachomoa mpira kwenye kabureta, nikautia mdomoni, nikavuta pumzi. Mshale ukapanda hadi 12. Nikaachia, ukashuka. Nikamwita shemeji avute yeye mwenyewe. Alivuta mara tano au sita, mzee mzima, huku anautazama mshale.

Waya huo unatakiwa uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, laini, uvumilie kukunjwa. Huko nyuma mtu fulani alikuwa ameuondoa na kuweka kipande cha waya mgumu wa uzi mmoja, wa kuwekea umeme wa nyumba. Ulikuwa umevunjika ndani, ngozi yake ya plastiki ikiwa nzima kabisa. Ukiutazama hauna dosari. Vipande viwili vilikuwa vikigusana, na vikivutwa vinaachana. Na ndiyo sababu kila fundi alilitibu gari siku mbili: kila aliyefungua kifuniko cha distribyuta aliusukuma waya bila kujua, ukakaa vizuri kwa muda. Sisemi hao walikuwa mafundi wabaya. Walibadilisha vitu kwa kufuata orodha ya vitu vinavyouzwa dukani, na waya wa urefu wa kidole hauuzwi dukani.

Niliweka waya laini kutoka kwenye gari bovu lililolala nyuma ya gereji, nikausafishia na mahali sahani inapokalia. Nilimtoza mama gharama ya kazi ya nusu siku. Plagi, koili na kabureta vilikuwa vimemgharimu zaidi ya mara ishirini ya hiyo.

Mama alimlipa kijana siku alizokatwa, pale pale, mbele yangu, akazihesabu noti moja moja. Kijana akasema "wabeja" akashika funguo. Shemeji alisema tu kwamba kikao kimekwisha. Kwa desturi zetu mliozaliwa huku mnajua kwamba jambo lililosemwa kwenye kikao halifutiki kwa neno moja, na nasikia baba wa kijana alikaa msimu mzima bila kukanyaga nyumba ile. Sasa wanatembeleana. Kijana bado anaendesha, ila gari ni jingine, la dizeli.

Ile distribyuta ya zamani nimeinunua kwa yule mama alipouza gari kwa vipuri, nami nimekuja nayo leo. Ipo kwenye sanduku hili, na ule waya mbovu nimeurudishia ndani yake. Nitaiacha kwa mwalimu wa fizikia pamoja na mita moja na betri. Atakayetaka aje baada ya chakula avute ule mpira aone mshale ukiruka. Mpira nimeuosha.