Wasimamizi wa miradi, mnafahamiana?

Ndugu msikilizaji, leo naomba nizungumze na kundi la watu ambao sisi wa redio hatuwasemeshi sana, isipokuwa siku ya ufunguzi, pale mgeni rasmi anapokata utepe nao wamesimama nyuma wameshika mafaili. Nawakusudia wasimamizi wa miradi. Wapo wanaoitwa mameneja, wapo wanaoitwa waratibu, na wapo wasio na cheo chochote ila ndio wenye ufunguo wa pampu na daftari la michango. Katika wilaya ya Same watu hawa ni wengi: wa maji, wa umwagiliaji, wa misitu, wa zahanati, wa vikundi vya tangawizi kule milimani. Ukiwahesabu wote utajaza ukumbi.

Swali langu kwao ni fupi. Je, mnafahamiana? Sizungumzii kusalimiana stendi. Nauliza hivi: mashine ya mradi wako ikizima leo saa nne asubuhi, yuko nani katika kata nyingine ambaye unaweza kumpigia simu akakueleza yeye alifanyaje yake ilipozima?

Nauliza kwa sababu katika kazi hii ya kutafuta habari nimepanda na kushuka milima ya Pare mara nyingi, na lipo jambo ambalo kila nikilikuta linanikera. Niliwahi kufika kijiji kimoja upande wa magharibi, pampu imesimama wiki ya saba. Kamati ilikuwa inasubiri fundi kutoka Dar es Salaam, na akina mama wamerudia kununua maji kwa dumu. Siku chache baadaye nikawa upande wa pili wa mlima, nikamkuta kijana aliyeifungua na kuifunga pampu ya aina ile ile kwa mikono yake mara mbili. Nilipomweleza habari za kule alishangaa. Hakuwa amesikia. Wala wale wa kule hawakuwa wamesikia kwamba yupo kijana kama yeye. Kati yao ulikuwapo mlima mmoja tu, na kila mmoja alikuwa na simu mfukoni.

Tuanze na hali ya nchi yenyewe, kwa faida ya msikilizaji aliye mbali. Milima yetu imeigawa wilaya pande mbili. Upande huu wa barabara kuu ya Arusha kuna Same mjini, Makanya na Hedaru, nchi kavu ya mkonge na jasi. Upande wa pili, nyuma ya mlima, kuna Maore, Ndungu na Kihurio, nchi ya mpunga. Juu kabisa kuna Shengena na msitu wake wa Chome, ambako mito ya pande zote mbili inaanzia. Mtu wa Makanya na mtu wa Ndungu wanaweza kuwa wanakunywa maji ya mlima mmoja na wasionane maisha yao yote.

Na miradi yetu nayo imekuja kwa pande hizo hizo. Ndungu walipata mradi mkubwa wa mpunga kwa msaada wa Japani, uliokamilika mwaka 1990, mashamba ya zaidi ya hekta 600 yanayolishwa na mto Yongoma. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Waholanzi walikuwa huku Same na Mwanga na mpango wa kuboresha mifereji ya asili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walikaa miaka kadhaa katika bonde la Makanya wakipima mvua, mmomonyoko na maji ya mashambani. Siitaji miradi hii kwa kuilaumu. Ilifanya kazi, na mingine imeacha mifereji inayoonekana mpaka leo.

Ninachosema ni kwamba kila mmoja ulikuja na ofisi yake, gari lake na lugha yake ya kuandikia ripoti. Kila mmoja ulifundisha vijana wetu kupanga kazi, kuandaa bajeti, kusimamia mafundi na kupatanisha wanakijiji waliokosana kwa ajili ya zamu. Muda ukaisha. Huyu akapata kazi Dodoma, yule akaenda Morogoro, mwingine amerudi nyumbani anafuga kuku. Ujuzi ule ulilipiwa fedha nyingi, na leo ukiutafuta huna pa kugonga hodi. Msimamizi mpya akiteuliwa anaanza na daftari jeupe kama vile Upare haujawahi kuona mradi.

Jambo hili halikuwa hivyo zamani, na hapa ndipo naomba msikilizaji anivumilie kidogo.

Kilimo cha mifereji Upare kilikuwapo kabla Wajerumani hawajafika. Kitovu chake ni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya chemchemi au ya kijito. Maji huachwa yajae usiku. Asubuhi mlango hufunguliwa yakashuka mferejini mpaka shamba la mwenye zamu. Matope yakijaa, unaitwa msaragambo, watu wote wanatoka na majembe. Asiyetoka hutozwa faini, na akiwa mkaidi zamu yake inaweza kumpita.

Mgeni akionyeshwa ndiva hutazama ukuta na kupiga picha. Lakini ukuta ni udongo na mawe, fundi yeyote ataujenga. Kazi ngumu ni ile isiyopigwa picha. Chukua maji ya Vudee. Vudee wako juu, Bangalala wako chini, na maji ni yale yale. Kama walio juu wanachukua bila kuwafikiria walio chini, ndiva ya chini itakuwa shimo la vumbi. Kwa hiyo wazee wa maji wa huku na wa kule ilibidi wafahamiane kwa majina, wajue nyumbani kwa kila mmoja, wazikane na kuozana. Mwaka wa ukame ulipofika, walikuwa wameshakaa pamoja mara nyingi wakati wa mvua. Makubaliano yao hayakuwa laini siku zote. Ugomvi ulikuwapo, na hata sasa upo. Lakini ugomvi wa watu wanaofahamiana una mahali pa kuanzia.

Mzee mmoja wa mfereji aliniambia hivi: “Mwanangu, mimi sikusomea haya. Nilikuwa nafuatana na baba kwenda kwa wenzake. Nilijua shida ya ndiva yao kabla sijajua shida ya ndiva yetu.” Nimeyaweka maneno hayo kwenye kinasa sauti, na huwa nayarudia.

Sasa tuje kwa wenye vyeti. Kazi nyingine za kitaalamu katika nchi hii zina nyumba yao. Wahasibu wana bodi yao tangu mwaka 1972. Wahandisi wana bodi yao ya usajili, makandarasi yao, wanunuzi na wagavi yao. Kazi ya kusimamia miradi haina bodi ya namna hiyo, ingawa ndiyo inayowakusanya wote hao mahali pamoja na kuwadai kazi. Huko Marekani watu wa kazi hii waliunda taasisi yao, PMI, mwaka 1969, na tangu mwaka 1984 inatoa cheti kinachotambulika duniani. Tawi lipo hapa Tanzania pia. Ni jambo jema, na kijana wa Same mwenye uwezo ajiunge. Lakini ada ya mtihani ule ni mamia ya dola, na katibu wa kamati ya maji kule Chome hawezi kungoja mpaka azipate ndipo aanze kujuana na mwenzake wa Mwembe.

Hapo utaniambia, mbona tunakutana kwenye semina? Ndugu yangu, semina nazijua, nimeziripoti nyingi. Wajumbe huketi kila mtu na watu wa ofisi yake. Mada husomwa, chai hunywewa, kisha macho yote humgeukia mhasibu wa posho. Jioni ukiuliza mtu alikaa na nani anakwambia, “Alikuwa kaka mmoja hivi wa umwagiliaji.” Hakumuuliza jina! Mtandao unaojengwa kwa posho hudumu kadiri posho inavyodumu, nao wenye fedha wakibadili mawazo, kila mtu anarudi kwake na begi lenye nembo.

Makundi ya simu tunayo pia, hilo nalo nalijua. Ya harusi, ya misiba, ya ukoo, ya waliosoma pamoja. Humo watu wanachanga mamilioni kwa nidhamu ya ajabu, na mtunza hazina anatoa hesabu kila jioni. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hatujui kujikusanya.

Kinachotuzuia nadhani ni vitu viwili. Cha kwanza ni aibu. Ripoti ya mfadhili au ya wilaya inataka mafanikio, basi msimamizi anazoea kuzungumza kwa mafanikio hata akiwa na mwenziwe chini ya mwembe. Hasemi kwamba tangi lake linavuja, hasemi kwamba wanakijiji wamegoma kuchangia tangu Januari. Na mtu asiyesema ugonjwa wake atapataje dawa kwa jirani? Ndiyo maana mikutano ninayoifikiria haihitaji mgeni rasmi. Akiwapo mgeni rasmi, kila mradi utakuwa mzima.

Cha pili ni kizito zaidi, nacho nitakisema taratibu. Wapo wanaonufaika na kutofahamiana kwenu. Niliwahi kuonyeshwa na kamati mbili, kila moja kwa wakati wake, hati za bei ya vifaa vya umeme wa jua vya kusukumia maji. Vifaa vilikuwa sawa, ukubwa sawa, muuzaji yule yule ambaye sitamtaja. Kamati moja iliandikiwa bei iliyozidi ya wenzao karibu kwa theluthi moja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwuliza mwenziwe. Simu moja ya dakika tatu ingeokoa fedha za wanakijiji wanaouza mbuzi kulipa mchango. Ukaguzi una kazi yake, na TAKUKURU wana kazi yao, lakini mlinzi wa kwanza wa bei ni mwenzako aliyenunua mwezi uliopita.

Naona haraka ya jambo hili ni kubwa kuliko miaka ya nyuma, nami nitaeleza kwa nini. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza mwaka 2014. Wote tunakumbuka ulivyosuasua, makandarasi wa kwanza wakaondolewa, watu wakakata tamaa mpaka wakaanza kuufanyia mzaha. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua. Ni zaidi ya miaka kumi. Watu wa Same wanajua thamani ya kila siku iliyopotea humo, kwa sababu waliilipia kwa ndoo.

Huo ni mradi wa taifa, una wahandisi na mamlaka yake. Kazi ya vijijini iko mikononi mwa watu wadogo zaidi. Tangu sheria ya huduma za maji ya mwaka 2019 na kuundwa kwa RUWASA, miradi ya vijijini inaendeshwa na vyombo vya watumiaji maji wenyewe. Kule ndiko aliko yule katibu ninayemsemea, na fundi wake, na mtunza hesabu wake. Wengi wao ni vijana waliomaliza kidato cha nne. Wamekabidhiwa mitambo ya mamilioni ya shilingi, tena mitambo yenyewe inafanana kutoka kata hadi kata, inaharibika kwa namna zinazofanana, na kila chombo kinauguza wa kwake peke yake.

Basi naomba nipendekeze, wala si jambo la kuandikia andiko la kuomba fedha. Wasimamizi wa pande zote mbili za mlima mchague siku moja katika kila miezi mitatu. Mkutane kwa zamu: mara hii Same mjini, mara ijayo Ndungu, halafu Makanya, halafu mpande Chome muone chanzo cha maji mnayogombania. Kila mtu alipe nauli yake mwenyewe, na wenyeji wapike. Kila anayekuja aje na vitu viwili, bei ya kitu alichonunua karibuni na jambo moja lililomshinda. Wastaafu wa miradi ile ya zamani waalikwe, maana wapo majumbani wanatazama mifereji waliyoichimba ikijaa majani, na hakuna anayewauliza kitu.

Utasema milima haipitiki kirahisi. Mwaka 1945 babu zetu hawakuwa na magari wala simu, lakini kodi ya mbiru ilipowachosha walishuka kwa maelfu kutoka kila upande wa Upare wakakusanyika hapa hapa Same mbele ya boma la mkoloni. Watu wa milima tofauti walipataje habari kwa wakati mmoja? Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtu wake upande wa pili.

Kijana wa pampu niliyemtaja bado yuko kule kwao. Kabla ya kuja studioni leo nilimpigia, nikamwomba ruhusa ya kuwapa namba yake wale wa kijiji cha magharibi. Amekubali. Amesema ila watume nauli ya kwenda tu, ya kurudi atajitegemea, kwa sababu naye anataka kuliona tangi lao lilivyojengwa.