Maadili ya Familia na Msichana Mwenye Mimba



Kuitetea familia ni wajibu wetu. Lakini neno jema kama "maadili" laweza kugeuzwa fimbo ya kumpigia mnyonge. Nchini mwetu, kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa shule kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa kuwa kosa la namna hiyo. Juni 2017, huko Chalinze, Rais John Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake msichana aliyezaa hatarudi shuleni. Wapo waamini waliounga mkono, wakihofu kwamba kumrudisha mmoja kungewapotosha wengine.

Hofu hiyo tusiidharau; ni ya wazazi wanaowapenda watoto wao. Hata hivyo tuulize: mzigo ulimwangukia nani? Ni kweli, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 ilimwekea mwanamume anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha hadi miaka 30. Lakini mimba huonekana, na aliyeitia hujificha. Kumfukuza binti kulihitaji macho tu. Kumfunga mwanamume kulihitaji ushahidi, nao ushahidi mara nyingi hupotelea nyumbani, wazee wakiisha kupatana. Ndivyo walivyofanya wale waliomleta kwa Yesu mwanamke aliyefumaniwa: Torati iliwataja wawili, wao wakamleta mmoja.

Novemba 2021 Serikali iliondoa katazo hilo. Je, sisi tumeliondoa mioyoni mwetu? Au binti akipata mimba ataondolewa kwaya, na kijana aliyempa mimba ataendelea kuimba? Hayo si maadili, bali ni upendeleo.

Basi, kila jumuiya ndogo ndogo imtafute binti aliyeacha shule kwa sababu hiyo, imsindikize kwa mwalimu mkuu, na akina mama wa WAWATA wapange nani atamshika mtoto saa za masomo. Tena, kiongozi wa jumuiya asikubali kamwe kuwa shahidi wa mapatano ya kuficha kosa la jinai, hata kama mkosaji ni ndugu yake au mfadhili wa parokia.

Na mtu akituita tuandamane naye kutetea familia, kwanza tumwulize amemtendea nini mtoto huyo na mama yake.