Amri Isipite Bila ya Kuulizwa

(Hotuba ya mwenezi wa chama katika mkutano wa tawi, Makunduchi)



Nimetoka Mjini na kitabu kimoja tu mkononi, nacho ni Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Chuo cha ualimu kilinifunza kwamba mwalimu asiyefungua kitabu hana haki ya kumlaumu mwanafunzi asiyejua. Basi na sisi tusiwalaumu Wawakilishi wetu kabla hatujakifungua wenyewe.

Ibara ya 132 yasema, kwa ufupi, kuwa sharia iliyopitishwa na Bunge la Muungano haitumiki Zanzibar ila iwe ya jambo la Muungano, na iwe imepita kwa njia iliyowekwa na Katiba ya Muungano. Tena Waziri anayehusika lazima aifikishe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Huo ndio mlango wetu, na mlango lazima uwe na bawabu.

Kwa nini tunamtaka bawabu? Mapatano ya mwaka 1964 yalitaja mambo 11 ya Muungano. Leo orodha ina vifungu 22. Kila linaloongezwa kule, hapa linapungua. Mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari.

Wako watakaosema kuwa kuuliza ni kuvunja Muungano. Si kweli. Watu wawili wenye duka la shirika, mmoja akitaka kuona daftari, havunji shirika. Analilinda lisije likavunjwa na dhana mbaya.

Na Baraza letu limepata kuuliza, likafaidika. Mafuta na gesi yalitiwa katika orodha mwaka 1968. Mwaka 2009 Baraza liliazimia yatoke. Halikurusha jiwe, lilisema, likaandika, likashikilia. Sharia ya Bunge ya mwaka 2015 ikaiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake, na mwaka 2016 Baraza likatunga sharia yake wenyewe. Miaka saba, ndugu zangu. Haki haiji kwa siku moja, lakini kwa aliyenyamaza haiji kabisa.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 2021, wajumbe wa mabaraza ya majimbo kama South Dakota na Oklahoma walileta miswada ya kuzikagua amri za Rais wao na kuzikataa zile wanazoona zimevuka Katiba. Hatuwahukumu kwa siasa zao. Twatazama swali lao tu: amri hii imesimama juu ya sharia gani?

Swali hilo ndilo tunalolikosa hapa. Siku moja ofisi moja, siitaji, ilinirudisha nyumbani kwa kukosa karatasi fulani. Nikauliza, kwa sharia gani? Nikajibiwa, "Ni maagizo kutoka juu." Nikaondoka kimya, na hilo ndilo kosa langu mimi.

Hapa ndipo penye ufa. Ibara ya 132 inazungumzia sharia. Maagizo ya wakubwa huja kwa barua, na barua haigongi mlango wa Chukwani. Lakini mtoto hawezi kurithi asichokuwa nacho mzazi. Ikiwa sharia mama haikuwa ya jambo la Muungano, amri iliyozaliwa nayo haina miguu ya kusimamia hapa.

Basi chama kinawaombeni mambo matatu. Kwanza, kila tawi lisome ibara hiyo kwa sauti, wasiojua kusoma wasikie. Pili, kila mwanachama akiambiwa "ni maagizo", aulize kwa adabu jina la sharia na mwaka wake, aandike jibu alilopewa, alilete tawini. Tatu, tuwapelekee Wawakilishi wetu majibu hayo, tuwatake waweke kamati ya kuzikagua amri kila kikao, na ripoti yake isomwe hadharani.

Hatutaki ugomvi na ndugu zetu wa Bara. Kwao pia wamo wananchi wanaoamrishwa bila ya kuelezwa. Twataka kila amri ije na jina la mzazi wake. Asiyekuwa nalo, arudi akalitafute.