Akiba Itoke Kabla ya Posho

(Maneno aliyoyasema mwanachama wetu, mfanyakazi wa njia ya reli, katika mkutano wa wafanyakazi, Majengo, Nyeri)

Mimi si mtu wa vitabu. Nilimaliza shule ya msingi ya misheni, kisha nikashika sururu. Lakini Mwenyekiti ameniomba niwaelezeni habari ya fedha zangu, naye anajua kwa nini.

Treni ya abiria iliporudi katika njia yetu ya Nanyuki, Desemba 2020, watu wa hapa Majengo waliniona tajiri. Mwenye duka akanifungulia daftari la deni. Mwenye nyama naye vivyo hivyo. Sikukataa, maana nilidhani kukopeshwa ni heshima. Siku ya mshahara nalipa watu tangu asubuhi. Ikifika tarehe tano nabonyeza simu nikope tena.

Mapema mwaka 2023 mtoto wangu wa kwanza akaitwa shule ya sekondari ya bweni. Nikaenda kwa karani kuomba karadha. Akaitazama karatasi ya mshahara, akasema, "Ndugu, hapa hapana nafasi." Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Mwenye shilingi 24,000 asikatwe zaidi ya 16,000. Nane elfu zibaki mkononi. Mimi nilikuwa nimefika ukingoni. Nilikasirika, nikaona sheria yanionea. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watoto wangu.

Mtoto alikaa nyumbani majuma mawili. Wenzake wamekwenda na masanduku yao, yeye anakaa mlangoni na barua yake. Ndugu mmoja wa genge letu, yumo humu lakini hataki atajwe, ndiye aliyeniokoa.

Ndipo mama watoto akanunua daftari, akasema, "Baba, tuandike kila senti mwezi mzima." Nilitarajia kuona sukari na unga vimetumaliza. Sivyo. Kilichotumaliza ni ada za kukopa.

Tufanye hesabu pamoja. Mikopo ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Ukikopa shilingi 2,000 kwa ada kama hiyo, unalipa 150. Wasema ni kidogo. Rudia kila mwezi mwaka mzima: 1,800. Karibu sawa na deni lenyewe, na Januari bado unakopa. Chama cha akiba na mikopo kikitoza moja kwa mia kwa mwezi, fedha hizo hizo zinakugharimu shilingi 20.

Basi nilifanya hivi. Deni moja lilipokwisha kukatwa, sikuchukua jingine. Nikajaza fomu kwa karani, shilingi 1,500 zilizokuwa zikilipa deni lile ziende katika akiba kabla sijaushika mshahara. Nilikuwa nimezoea kutoziona, kwa hiyo sikuzikosa. Vyama vingi vya namna hii hukopesha mpaka mara tatu ya akiba yako, ukipata wadhamini. Lakini ulizeni kwanza kama chama kina leseni ya SASRA, ofisi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Na kudhamini si kutia sahihi tu: mwenzako akishindwa, utalipa wewe.

Daftari la deni dukani tulilifunga pole pole, miezi saba. Mwenye duka alininunia kidogo.

Wengine watasema mshahara hautoshi. Ni kweli, na chama chetu kisiache kudai. Lakini mama zetu wa Nyeri miaka ya 1960 walichangishana senti, nyumba moja baada ya nyingine zikaezekwa mabati badala ya nyasi. Hawakungoja mwezi wenye fedha nyingi. Mimi mwezi huo sijauona bado.

Karo ya muhula ujao haijatimia, sitawadanganya. Ila tarehe tano ya mwezi huu simu ilikuwa mfukoni. Daftari ninalo hapa, atakaye kulitazama aje baada ya mkutano. Na fomu za kukatwa akiba ziko kwa Katibu.